Nyuzi Themanini na Tano Ndani ya Friji

Simu ya kwanza ilinikuta sokoni Kayanga, nimeinama kwenye fungu la nyanya. Aliyepiga alikuwa muuguzi wa zahanati moja ya upande wa Kyerwa, mama wa makamo ambaye wiki mbili kabla tulikuwa tumemfungia kifaa cha kulinda friji yake ya chanjo. Nikamwamkia. Aliitikia marahaba harakaharaka kama mtu anayetema mbegu ya chungwa.

"Mwanangu, hiki kidude chenu kimeniletea ujumbe. Kinasema friji ina nyuzi themanini na tano."

"Themanini na tano, mama?"

"Themanini na tano. Nimekuja mbio, nimeifungua, ni baridi kama kawaida. Sasa nauliza, humu nimeweka chanjo au nimebandika uji?"

Nilicheka. Mpaka leo naona aibu kwamba nilicheka. Nikamwambia ni hitilafu ndogo, tutaiangalia, nikarudi kwenye nyanya zangu.

Ofisini tulikuwa wawili tu, chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, karibu na stendi. Mwenzangu alikuwa amefundisha hisabati sekondari kwa miaka mingi kabla ya kujifunza kuandika programu za kompyuta, kwa hiyo kila mtu alimwita Mwalimu, nami nikiwemo. Kwao ni Muleba, lakini alioa Bugene na huko ndiko alikojenga. Mimi ni mzaliwa wa Rugera, nimekulia katikati ya migomba na kahawa. Nilisomea kompyuta Mwanza, nikafanya kazi huko miaka minne, nikarudi nyumbani baba alipoanza kuugua. Mwalimu alinizidi miaka kumi na mbili na aliniita dada, kwa heshima, hata siku alizotaka kunitimua.

Shirika moja dogo ndilo lililotupa kazi ile ya friji. Chanjo za watoto zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi mbili na nane. Zikipata joto zinaharibika, zikiganda nyingine zinaharibika pia. Sisi tulitengeneza kisanduku chenye betri na laini ya simu, na waya uliobeba kipimajoto kidogo kama msumari, ambacho hukaa ndani ya friji. Kisanduku kinauliza kipimajoto kila baada ya dakika tano. Joto likitoka nje ya mipaka, kinatuma ujumbe kwa muuguzi na kwa mratibu wa chanjo. Kila asubuhi kinatuma taarifa fupi ya hali ya friji. Basi, hakuna la ajabu hapo.

Mwalimu aliandika programu, mimi nilishika waya, visanduku na safari za vijijini. Tulidhani tumegawana kazi vizuri.

Programu yake ilikuwa safi, lazima niseme. Aliigawa katika vipande, kila kipande na wajibu wake: kimoja kinasoma kipimajoto, kingine kinajua saa, kingine kinatuma ujumbe, kingine kinaandika kumbukumbu. Katikati yao alikaa Mwangalizi, ambaye kazi yake ni kuwauliza wale wengine na kuamua. Ili kumjaribu Mwangalizi peke yake, bila friji, bila laini ya simu, na bila kungojea asubuhi ifike, Mwalimu aliwaondoa wale wasaidizi wa kweli na kuweka wa bandia. Ofisini tuliwaita makaimu. Kaimu wa kipimajoto alikuwa mistari mitatu tu ya maandishi. Ukimuuliza joto, anasema kumi na mbili, kwa sababu ndivyo ulivyomwagiza aseme. Kaimu wa mtumaji hatumi chochote, anahesabu tu ameitwa mara ngapi. Testi, yaani jaribio moja la programu, inapita ikiwa kaimu wa kwanza amesema kumi na mbili na kaimu wa pili ameitwa mara moja.

Kwa jinsi hii testi zote zilimalizika ndani ya sekunde mbili. Zikipita, kompyuta inaandika kwa rangi ya kijani. Mwalimu aliipenda kijani ile kama vile darasa zima limepata mia kwa mia.

Muuguzi alipiga tena siku tano baadaye. Alikuwa kwenye jumuiya, katikati ya sala, simu ikalia: nyuzi themanini na tano. Akaacha sala, akapanda bodaboda, akaikuta friji iko salama. Mara ya tatu alikuwa kwenye kibanja chake anapalilia migomba. Alifika zahanati na tope mpaka magotini.

"Binti yangu," aliniambia, "mimi nina miaka hamsini na sita. Kuna siku nitaanguka njiani kwa ajili ya uji wenu huu."

Safari hii sikucheka. Nilimfuata Mwalimu mezani kwake.

"Kifaa cha Kyerwa kinatoa themanini na tano."

"Hakiwezi."

"Kimetoa mara tatu, Mwalimu."

"Dada, testi mia na kumi na nne, zote kijani. Angalia mwenyewe." Akabonyeza, sekunde mbili, kijani. Akanigeuzia kompyuta. "Angalia waya wako."

Nikaangalia waya wangu. Nilichukua kisanduku cha akiba, nikakiweka mezani, kipimajoto kikiwa kwenye kikombe cha maji baridi. Kilisoma vizuri. Nikachomoa umeme, nikachomeka. Jibu la kwanza kabisa lilikuwa themanini na tano, la pili likarudi kwenye tisa. Nikarudia mara sita na mara zote sita ikawa vilevile. Ndivyo kipimajoto kile kilivyoumbwa: kikitoka kuzimika, kabla hakijapima chochote, kinatoa namba hiyo. Na kile kisanduku, tuliamini betri yake inakilisha kipimajoto pia umeme ukikatika, kumbe pale umeme unaporudi kulikuwa na mtikisiko wa kufumba na kufumbua uliotosha kukizima na kukiwasha. Kipindi kile cha mvua, upande wa Kyerwa umeme ulikuwa ukikatika na kurudi mara tatu kwa siku.

Kugundua hayo kulinichukua dakika kumi na kikombe cha maji.

"Kaimu wako anajua majibu mangapi?" nilimuuliza.

Mwalimu akafungua. Matatu. Moja, tano na kumi na mbili: baridi kupita kiasi, sawa, joto kupita kiasi.

"Nani alikwambia kipimajoto kinajibu hayo tu?"

"Kipimajoto kinapima joto, dada. Kijibu nini kingine?"

Hicho ndicho kilichonikera, na bado kinanikera nikikumbuka. Hakuwa mvivu. Alikuwa ameandika testi nyingi kuliko programu yenyewe. Lakini hajawahi kukishika kipimajoto kile mkononi. Alikaa akafikiri kitajibu nini, akamfundisha kaimu kujibu hivyo, kisha akaandika programu inayokubaliana na kaimu. Kaimu, programu na testi vyote vilitoka katika kichwa kimoja, vingekosana vipi?

Alirekebisha siku ileile, kwa kasi na kwa kununa. Kanuni yake mpya ilisema jibu lolote lisiloingia akilini lirukwe, na Mwangalizi abaki na jibu zuri la mwisho. Akaongeza kaimu anayesema themanini na tano, na testi inayohakikisha kwamba mtumaji haitwi. Mia na kumi na tano, kijani.

Roho yangu haikutulia. Nilianza kuzisoma zile testi jioni, baada ya kazi, na kila nilivyosoma nikazidi kuchoka. Testi moja ilihakikisha kwamba Mwangalizi anaiuliza saa kwanza, ndipo akiulize kipimajoto. Kwa nini saa kwanza? Hakuna sababu. Ndivyo ilivyoandikwa, na testi ikalinda maandishi. Siku moja nilipanga upya hatua mbili, kazi ikabaki ileile kabisa, testi thelathini na moja zikawa nyekundu.

"Umeharibu," Mwalimu alisema.

"Sijaharibu kitu. Mjaribu Mwangalizi na friji ya kweli, atafanya vilevile."

"Testi zimekataa. Hiyo ndiyo kazi yake."

"Mwalimu, kipimajoto kikisema uongo, hakuna testi hata moja inayoshtuka. Mimi nikihamisha mstari, thelathini na moja zinapiga kelele. Zinalinda nini hizi? Zinalinda mwandiko wako, chanjo hazilindi."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. "Kabla ya makaimu," alisema polepole, kama anamsomesha mtoto wa kidato cha kwanza, "tulikuwa tunajaribu vipi? Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Tulikuwa tukiomba kuweka kipimajoto kwenye friji ya soda ya duka la jirani. Kila mteja akifungua, testi inaanguka. Mtandao ukiyumba, testi inaanguka. Kujaribu friji iliyopata joto kulitaka kumwomba mwenye duka azime friji yake. Mwalimu alikuwa na haki, na mtu mwenye haki nusu ni mgumu kuliko aliyekosea yote.

Nikasema basi twende Kyerwa tukakijaribu kisanduku kwenye friji yenyewe kabla ya kumwambia mama yule kwamba kimepona. Akasema barabara imeharibika kwa mvua, kanuni mpya ina testi yake, safari haina haja. Nikabishana kidogo, nikachoka, nikakubali. Nikatuma programu mpya kwa mtandao, kisha mimi mwenyewe nikampigia muuguzi.

"Kimepona, mama. Sasa kikinyamaza ujue friji iko sawa."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Mwalimu hakunituma.

Siku kumi na tatu kikanyamaza. Kila asubuhi taarifa fupi ikaingia: joto tano, hali ni ya kawaida. Muuguzi hakupiga simu. Mwalimu akaanza kuandika programu kwa ajili ya zahanati nyingine.

Siku ya kumi na nne, alasiri, muuguzi akapiga. Kilichonishtua ni jinsi alivyokuwa mpole.

"Mwanangu, kidude chenu hapo kinasema friji yangu ina nyuzi ngapi?"

Nikafungua kompyuta. "Tano, mama."

"Tano."

"Ndiyo, mama. Tano."

"Mimi nimesimama mbele yake hapa. Kipimajoto changu cha mshale kinasema kumi na moja."

Wauguzi wana karatasi kwenye mlango wa friji, na mara mbili kwa siku wanaandika joto kwa mkono, kwa kalamu, kutoka kwenye kipimajoto cha kawaida chenye mshale. Tulipomfungia kisanduku tulimwambia, kwa majivuno, kwamba karatasi ile sasa ni ya mazoea tu. Hakutusikiliza. Siku ile alikuwa ameitwa kwa mama aliyekuja kujifungua tangu alfajiri, akakosa kuandika asubuhi. Alipopata nafasi alasiri akaenda na kalamu yake.

Yaliyotokea tuliyajua baadaye. Siku iliyotangulia paa lilivuja. Mama anayefanya usafi aliisogeza friji apate kukausha maji, waya wetu ukanaswa mguuni mwa friji, ukakatika kwenye kiungo, naye hakuona. Usiku umeme ukakatika na haukurudi. Kisanduku kiliendelea na betri yake. Kila baada ya dakika tano kilikiuliza kipimajoto, na kwa kuwa waya umekatika kilipata jibu moja: hasi mia na ishirini na saba. Ndiyo namba inayotoka pale ambapo hakuna kipimajoto cha kujibu. Jibu lisiloingia akilini. Kanuni ya Mwalimu ikaliruka, ikabaki na jibu zuri la mwisho, tano, na asubuhi ikatutangazia sote kwamba hali ni ya kawaida.

Testi mia na kumi na tano. Kijani.

Muuguzi hakungoja maelezo yetu. Alipakia chanjo kwenye makasha mawili ya baridi, akayajaza barafu aliyoazima kwenye duka la samaki, akapanda bodaboda kwenye mvua, kasha moja katikati yake na dereva, jingine amelikumbatia ubavuni, mpaka kituo cha afya chenye friji ya sola. Huko walikagua chupa moja moja. Kuna alama ndogo kwenye chupa inayobadilika rangi chanjo ikizidiwa na joto, na alama nyingi zilikuwa bado salama. Lakini mratibu aliagiza zote ziwekwe kando mpaka azione mwenyewe.

Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki ya watoto.

Mimi na Mwalimu tuliondoka Kayanga asubuhi na mapema, kila mtu na bodaboda yake, kwa sababu hakuna gari lililokubali barabara ile. Baada ya Nkwenda tulishuka mara mbili tukasukuma. Ningezungumza ningesema maneno ambayo mtu hamwambii aliyemzidi umri.

Tulipofika, akina mama walikuwa wamejaa chini ya upenu wa zahanati, labda thelathini, watoto mgongoni na mapajani, kadi za kliniki zimefungwa kwenye mifuko ya nailoni zisilowe. Muuguzi alitutazama tangu tope la viatu mpaka miwani ya Mwalimu. Nikamwamkia. Mwalimu naye akamwamkia shikamoo, ingawa hawakupishana sana.

"Marahaba," alisema. Kisha akamgeukia yeye. "Wewe ndiye Mwalimu?"

"Ndiyo, mama."

"Mwalimu anajua kueleza. Hawa nimewaambia leo hakuna chanjo, wananiuliza kwa nini. Waeleze."

Nilidhani anatania. Alivuta kiti akakaa, akaikunja mikono yake kifuani.

Mwalimu akasimama mbele ya wale akina mama. Alianza vizuri, kwa sauti ya darasani: kuna kifaa, kifaa kinalinda friji, jana kifaa hakikutoa onyo. Akaomba radhi. Mama mmoja kijana, mtoto wake amelala mgongoni na kichwa kimelegea upande, akasema kitu kwa Kinyambo. Mwalimu ni Mhaya, lugha hizo zinakaribiana na nilijua amesikia. Lakini muuguzi aliyatafsiri maneno yake hata hivyo, kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa.

"Anauliza, hicho kifaa mlikijaribu?"

"Tulikijaribu," Mwalimu alijibu. "Tulikijaribu sana."

Yule mama akasema tena, maneno mawili matatu.

"Anauliza, mlikijaribu kwenye friji?"

Mwalimu akageuka. Akanitazama mimi. Nami nilitazama chini, kwa sababu jibu lilikuwa langu pia. Mvua ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye bati, mtoto mmoja akaanza kulia, mwingine akamfuata.

"Hapana," akasema.

"Maawe!" mmoja wao akasema, na wengine wakaguna. Hakuna aliyetutukana. Walijifunga khanga zao, wakafungua miamvuli, wengine wakajifunika majani ya migomba, wakaondoka wawili wawili kuelekea walikotoka. Yule aliyeuliza alikuwa ametoka nyumbani kabla ya jua, muuguzi alituambia, na angerudi tena wiki ijayo kwa miguu. Nilitaka kusema nitamlipia bodaboda. Muuguzi akanikata kabla sijamaliza.

"Rekebisheni kitu chenu. Hilo ndilo mnaloweza."

Tulikaa siku tatu. Tulilala nyumba ya wageni ya jirani, mchana tukakaa chumba cha friji, ambayo sasa ilikuwa tupu. Nilikuwa na hasira na ilinisaidia kufanya kazi. Nilimpa Mwalimu daftari la mazoezi na kalamu. Nikamwambia leo haandiki mstari hata mmoja wa programu, anaandika majibu tu. Nikachomoa umeme, akaandika kilichojibiwa. Nikachomeka, akaandika. Nikachomoa waya wa kipimajoto. Nikaulegeza nusunusu. Nikaulowesha. Nikakiacha kipimajoto juani, nikakizika kwenye barafu. Nikatoa laini ya simu. Nikairudisha, kisha nikakifunika kisanduku kwa sufuria ya chai ya muuguzi mpaka mtandao ukapotea.

Kwenye sufuria hiyo ndipo Mwalimu alipotoa sauti ya kwanza ya asubuhi ile.

"Mtumaji anasema ameupokea ujumbe," alisema.

"Ndiyo."

"Lakini ujumbe haujaenda."

"Haujaenda."

"Kaimu wangu akisema amepokea, mimi nahesabu umefika." Akautazama ule ukurasa. "Dada, huyu naye angetuangusha."

"Angetuangusha, Mwalimu."

"Kwa nini hukuniambia?"

Nilitaka kumrushia sufuria. Wiki zote zile nilikuwa nikimwambia! Lakini ukweli ni kwamba la mtumaji hata mimi sikulijua mpaka dakika ile. Nikamwambia aandike.

Siku ya tatu daftari lilikuwa limejaa kurasa kumi na tisa. Mwalimu aliwafuta makaimu wake wote pale pale, kwenye benchi la kusubiria, na kuwaandika upya kutoka kwenye daftari, jibu kwa jibu, kama walivyojibu wenyewe wa kweli. Testi zilizohesabu nani ameitwa kabla ya nani alizitupa, karibu nusu ya zote. Hilo lilimuuma, niliona. Alizisoma moja moja kabla ya kuzifuta, kama mtu anayechoma barua. Waya ukikatika, sasa kisanduku kilipaswa kupiga kelele na kusema wazi: sijui joto la friji, njoo uangalie. Na tukaweka testi nyingine ambayo Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeibuni. Kila Jumatatu, ofisini, inamuuliza kaimu na kipimajoto cha kweli maswali yaleyale, na majibu yakitofautiana inakuwa nyekundu.

Sikumsifu. Nadhani ningemsifu ningelia.

Mratibu alikuja, akakagua chanjo, akazirudisha nyingi na kuziondoa chache. Alitusikiliza kwa uvumilivu, akasema kisanduku kibaki kwa majaribio, na kwamba karatasi ya mlangoni ni lazima, iwe kuna kisanduku au hakuna. Wiki iliyofuata akina mama walirudi. Sijui kama wote walirudi. Nilimuuliza muuguzi kuhusu yule aliyeuliza swali, akasema ndiyo, amekuja, mtoto amechomwa, amelia sana, yuko vizuri.

Baada ya hapo kisanduku kilimwita mara mbili tu kwa miezi mitatu, na mara zote mbili alikuta kweli kuna tatizo. Hakutushukuru. Alipiga simu na kusema, "Leo kimesema kweli," akakata.

Mwezi uliopita alituita tena. Safari hii alikuwa na ombi: wanafunzi wa mazoezi wanaacha mlango wa friji wazi kidogo, anataka kisanduku kimwambie. Tukaenda wote wawili. Barabara ilikuwa kavu, vumbi limepanda mpaka kwenye meno. Muuguzi hakumaliza hata kueleza. Mwalimu alikuwa amekwisha kaa kwenye benchi, kompyuta imefunguka mapajani, anaandika kwa vidole vyote.

"Unafanya nini?" nilimuuliza.

"Naandika kipande cha mlango. Mlango una hali mbili tu, dada. Wazi au umefungwa. Kaimu wake ni rahisi mno."

Nikasogea nikaifunga ile kompyuta, vidole vyake vikiwa karibu kubanwa.

"Inuka, Mwalimu."

"Lakini huu ni mlango tu."

"Inuka tukaufungue."

Tukaingia chumba cha friji. Nikaweka kihisio cha mlango wa friji, kidude cha kutambua kama umefungwa, nikafungua, nikafunga. Nikaufunga nusu. Nikauegemeza tu bila kuubana, naye akaandika. Nikaubamiza. Mara kihisio kikasema wazi na mlango umefungwa kabisa, mara kikasema umefungwa na kuna upana wa kidole. Mwalimu akaguna, akaandika. Tulikuwa tumefika mara ya ishirini hivi muuguzi alipotokea mlangoni mwa chumba, mikono kiunoni.

"Nyie watu! Baridi yote imetoka! Fungeni hiyo friji!"

"Tunajaribu, mama," Mwalimu alisema.

"Jaribuni ikiwa imefungwa."

Akatusukuma wote wawili nje, akaufunga mlango wa friji kwa kiganja, akaukagua kwa jicho, kisha akachukua kalamu yake na kwenda kusoma mshale wa kipimajoto chake.